Mlio Uliozimwa Garini mwa Bu Wartini

Zawadi yenyewe iliwashwa siku ya tatu ya Lebaran, Idi yetu ya Java, na Bu Wartini, yaani Mama Wartini, aliisifu mpaka akajifunga kamba mwenyewe.

"Jamani, mwanangu! Hii si redio, hii ni sinema!" alisema, viganja vimekutana kifuani, huku mwanawe Prasojo akibonyezabonyeza kioo kipya kwenye dashibodi ya gari la mama yake. Kioo kilikuwa kipana kama sinia la chai. Gari likiwashwa, kwanza zilitokea sura za wajukuu wawili wakiwa na nguo za sikukuu, kisha ramani, kisha nyimbo za zamani alizozipenda ujanani. Ukitia gia ya nyuma, unaonyeshwa kila kilichoko nyuma yako kwa rangi, hadi masharubu ya paka.

"Mama ameipenda kweli?" aliuliza Prasojo, maana kwetu mzazi haitwi "wewe".

"Kuipenda? Nitaiota. Ila umejitia gharama bure, mwanangu."

"Kwa Mama hakuna gharama."

Prasojo alitabasamu kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa ametoka Bekasi, kando ya Jakarta, na mke na watoto, wakakwama barabarani pamoja na nusu ya watu wa Java wanaorudi kwao kula sikukuu, na alipofika tu Solo, mji wetu, akalipeleka gari la mama yake kwa rafiki yake wa shule, Gunarto, fundi wa redio za magari karibu na uwanja wa mpira. Mama hakuulizwa. Kwani zawadi huulizwa? Kesho yake akapakia familia yake akarudi Bekasi, na majirani wa kichochoro chetu wakampungia mikono.

Shida ilijitokeza asubuhi iliyofuata. Bu Wartini alipakia visanduku vya vitafunwa vya hitima ya mtu, akatia gia ya nyuma, akategea sikio. Kimya. Akarudi nyuma kidogo. Kimya. Akajaribu vitufe vya kwenye usukani, vile vya kupandisha na kushusha sauti. Navyo vimekufa.

Redio ya zamani, ile iliyotoka kiwandani na gari, ilikuwa kitu kidogo cheusi kisicho na sura. Lakini kwenye bampa la nyuma gari lile lina macho madogo manne. Macho yale yakiuona ukuta yalikuwa yanaiambia redio, na redio inalia kwenye spika: ti, ti, ti, kisha titititi, kisha mlio mmoja mrefu wa kumwambia mtu akanyage breki. Kumbe ukiing'oa redio umeng'oa na ulimi wa macho yale. Yanaendelea kuona, maskini, lakini hayana wa kumwambia.

Mtu mwingine angesema, basi tena, si kuna picha? Bu Wartini hakuweza kusema hivyo, kwa sababu Bu Wartini alikuwa anapofuka.

Haukuwa upofu wa giza. Kwa miaka kama miwili hivi ulimwengu wake ulikuwa unaliwa kutoka pembeni. Mbele aliona sawasawa, hata kutunga uzi kwenye sindano aliweza. Ubavuni hakuna kitu, kana kwamba anachungulia kwenye bomba. Presha ya macho, alisema daktari, akamwandikia matone. Siku hiyo Bu Wartini alipiga moyo konde akauliza, "Na kuendesha gari je, Daktari?" Daktari, mtu wa Solo kama sisi, alipangapanga karatasi zake mezani, akasema kwa upole, "Ingependeza zaidi kama Ibu angekuwa anasindikizwa."

Huku kwetu jibu hilo ni zito kuliko marufuku ya polisi. Bu Wartini alilijua vizuri, amezaliwa hapahapa na akakulia hapahapa. Lakini alikata shauri kulichukua neno kama lilivyotamkwa, wala asilifunue. Asindikizwe? Anasindikizwa! Mumewe, Pak Muryono, yaani Mzee Muryono, huketi kiti cha pembeni kila anapotoka. Usiku ule akalala fofofo.

Pak Muryono alikuwa dereva wa ofisi ya wilaya maisha yake yote, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha, kwenye uwanja wa kiwanda cha sukari, akimkaripia kwa kila jani alilolikanyaga. Kisha kiharusi kikamchukua mguu na mkono wa kulia na maneno mengi, kikamwachia kiti cha barazani, mazoezi ya viungo kila Jumanne, na maneno machache yanayotoka polepole, mojamoja, hata watu hukosa subira ya kuyangoja. Tangu hapo usukani ukawa wa Bu Wartini. Alipika vitafunwa vya hitima na vya mikutano ya mtaa, akavipeleka mwenyewe, akapita sokoni, akasimama kwa rafiki yake wa kuuza vitambaa akapiga soga kidogo, akarudi na mumewe kumwogesha na kumlisha. Ile saa ya ndani ya gari ndiyo iliyokuwa yake, hakuna mwingine aliyeidai.

Na Prasojo alikuwa ameshasema mara nyingi, kwa upole wake: wazee wahamie Bekasi. Bu Wartini alishakaa Bekasi. Nyumba ina ngazi nyembamba, mlango unafungwa kufuli tatu kwa hofu ya wezi, mkwe anakwenda kazini, watoto shuleni, na nyinyi wawili mnabaki kutazamana na friji. Hujui jina la jirani. Pak Muryono siku zile hakula. Kwa hiyo Bu Wartini alijua: siku Prasojo atakapopata habari za macho, ndiyo siku ya kufunga virago. Ufunguo wa gari ukienda, na nyumba imekwenda. Hilo ndilo aliloliogopa mchana na usiku.

Sasa kichochoro chetu. Upande mmoja ukuta mrefu wa jirani, upande wa pili mtaro wa maji usio na kifuniko. Gari linaingia kwa pua na kutoka kwa mkia, hakuna pa kugeuzia. Bu Wartini alikuwa na ufundi wake wa siri. Akirudi nyuma alijibana upande wa ukuta na kusikiliza. Mlio ukiwa wa haraka wa wastani, alijua ukuta uko karibu inavyotakiwa na mtaro uko mbali inavyotakiwa. Ukipoa, amesogea mtaroni. Ukipamba moto, amesogea ukutani. Macho alimwachia Mungu na kile kioo kidogo cha juu cha kutazamia nyuma. Alikuwa anaendesha kwa masikio, na alikuwa anaendesha vizuri, nasema haki ya Mungu.

Kwa picha hakufua dafu. Ili atazame kioo cha mwanawe ilimbidi ageuze lile bomba lake lote kushoto, na hapo mtaro, ukuta na dunia vinatoweka. Akiinua macho, picha imetoweka. Siku ile alitoka kichochoroni akiwa amelowa jasho, akifungua mlango kila hatua kuchungulia chini, na akaenda moja kwa moja kwa Gunarto.

"Karibu, Bu, karibu sana! Kioo kinafanya kazi?"

"Kizuri mno, Mas," alisema, na Mas kwetu ni kaka. "Majirani wanakuja kukishangaa. Kuna kijambo kidogo tu, wala si neno."

Kwetu, "wala si neno" maana yake nyumba inaungua. Gunarto aliagiza chai. Wakaongea habari za mvua, za pilipili kupanda bei, za mkwe wa fulani aliyerudi kwao, hadi chai ikapoa.

"Ule mlio wa kurudi nyuma, Mas. Na vile vitufe vya usukani. Vimekwenda wapi?"

"Ah, ule!" Gunarto alijikuna shingo. "Lakini sasa Ibu ana picha safi kabisa. Mlio wa nini tena?"

Hapo ndipo mtego ulipobana. Gunarto na Prasojo wanaandikiana kila siku. Neno moja la macho likimtoka hapa, kabla ya alasiri liko Bekasi.

"Si mimi, ni mzee," alisema Bu Wartini. "Aliuzoea. Akiukosa ananuna."

Gunarto alimtupia jicho Pak Muryono, aliyekuwa amebaki garini dirisha wazi. Alikuwa amenuna kweli, lakini kwa joto.

"Unaweza kurudishwa, Mas?"

"Inawezekana, Bu."

"Au redio ile ya zamani irudi tu mahali pake? Nisikusumbue."

"Hiyo nayo inawezekana, Bu."

Haikuwezekana hata kidogo. Redio ya zamani ilikuwa imeshauzwa kwa mtu wa Klaten siku ileile ilipong'olewa. Lakini umwambieje hivyo mama wa rafiki yako, ameketi kwenye stuli yako, anakunywa chai yako? Gunarto akaeleza badala yake kwamba kipo kisanduku kidogo, kama cha kiberiti hivi, ambacho hukaa kati ya gari na redio mpya. Gari lina lugha yake, redio ina yake, na kisanduku kinatafsiri: mlio unarudi, vitufe vinarudi, kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kinaagizwa Jakarta. Hakuwa amekifunga kwa sababu Prasojo alipomuuliza kama kila kitu cha zamani kitaendelea kufanya kazi, alimjibu kwamba inawezekana, na mazungumzo yakaishia hapo. Ningekuwa na mamlaka ningelifuta neno hilo Solo nzima, kuanzia kwa mafundi.

"Kitafika lini?"

"Wiki hii hii, Bu."

Hakikufika wiki ile wala iliyofuata. Bu Wartini akapigwa danadana ya heshima: aje keshokutwa, apite Alhamisi, mzigo uko njiani, mzigo uko Semarang. Na kila safari ya kuulizia mlio ilimtaka atoke kichochoroni bila mlio. Unaona ubaya wake? Angeweza kukataa kwenda, lakini basi mlio usingerudi. Aliweka vyungu vya maua kando ya mtaro ili avione, akavivunja viwili. Alimwambia mumewe atazame upande wake na kusema, lakini Pak Muryono alipomaliza neno la kwanza gari lilikuwa limeshapita lilipokuwa.

Mwishowe Gunarto, kwa huruma au kwa aibu, akabuni. "Kwa sasa nakufungia king'ora kidogo cha pembeni, Bu, kungojea kisanduku." Akakifunga chini ya bampa, akapangusa mikono. Bu Wartini alishukuru, akafika kwake salama, na asubuhi akatia gia ya nyuma.

King'ora kiliimba. Hakikujua karibu wala mbali, kiliimba tu wimbo mmoja mwembamba wa furaha, na wimbo wenyewe ulikuwa wa yule muuza aiskrimu wa baiskeli. Watoto wa kichochoro walifumka majumbani na vibakuli mikononi, wakakimbilia palepale nyuma ya gari. Bu Wartini alikanyaga breki hadi kiti kikamsukuma. Hakuwaona, alisikia kicheko chao. Alikaa pale ameshika usukani, na aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani.

Alimrudishia Gunarto king'ora chake mchana ule. Unadhani alisema nini?

"Ni kizuri sana, Mas, sauti tamu kabisa. Ila majirani wana mgonjwa."

"Inawezekana kukitoa, Bu," alisema Gunarto, na safari hiyo kweli iliwezekana.

Jioni Prasojo hupiga simu ya picha, uso wake umejaa kwenye skrini. Kila jioni swali lilikuwa lilelile.

"Mama anatumia ile picha ya nyuma?"

"Kila siku, mwanangu."

"Inamsaidia Mama?"

"Sijui niliishije bila hiyo."

Na kila sifa ilikuwa tofali jingine. Leo aseme nini? Kwamba kioo hakimfai? Kwa nini hakimfai, ilhali kila mtu mwenye macho kinamfaa? Aliendelea kumvisha mwanawe kilemba cha ukoka, mwanawe akakivaa, na yeye akabaki ndani ya kuta alizojijengea, hana hata dirisha. Alianza kuwachukia wajukuu wale wawili wanaotabasamu kila akiwasha gari, halafu akajichukia kwa kuwachukia.

Jumanne moja alimwingiza Pak Muryono kitini, akamfunga mkanda, akasema bismillahi. Wingu lilikuwa zito, mwanga wa kijivu, ukuta na njia rangi moja. Alijibana upande wa ukuta, au alidhani amejibana. Akatupa jicho kwenye kioo cha Prasojo. Mistari ya kijani na nyekundu ilicheza juu ya njia nyeupe, hakujua ipi ni njia na ipi ni saruji ya mtaro.

"Ukuta," alianza Pak Muryono.

"Nini, Pak?"

"Ukuta... u... mbali."

Gurudumu la nyuma liliingia mtaroni kabla hajamaliza. Gari lililala ubavu upande wa Bu Wartini, likagonga saruji kwa tumbo, likatulia limeinama. Mlango wake ulifunguka juu ya maji meusi. Angeweza kutoka kwa kutambaa. Pua ilikuwa imeyumbia ukutani, na mlango wa Pak Muryono ukakabwa, haukufunguka hata wa kupitisha mkono. Mzee alikuwa ananing'inia kwenye mkanda juu ya mkewe, pumzi fupi, jicho limemtoka. Bu Wartini hakutoka. Alimshika bega kwa mikono miwili kumzuia asimwangukie, akapiga honi kwa kiwiko. Honi, angalau, Gunarto alikuwa ameiacha hai.

Tukaja. Kichochoro chetu kikiitwa kinakuja, hilo tusinyimwe. Mwenyekiti wa mtaa, Pak Sudarmin, akakunja saruni yake, wanaume wakaingia mtaroni hadi magotini, akahesabu, tukanyanyua. Mara ya kwanza gari lilikataa. Mara ya pili likapanda na matope yake.

Na papo hapo, kabla hata Pak Muryono hajatolewa kitini, heshima ikaanza.

"Mtaro huu umechimbwa vibaya," alisema mmoja.

"Jua lilimpiga machoni," alisema mwingine. Mbingu zilikuwa nyeusi.

"Hata mimi juzi nusura nitumbukie," alisema Pak Sudarmin, ambaye hajawahi kumiliki chombo kinachozidi baiskeli.

"Ni hizi redio za siku hizi, zinapoteza watu mawazo."

Bu Wartini aliitikia kila mmoja kwa kichwa, asante, asante. Pak Muryono alikuwa ameegemezwa ukutani, ameshika kikombe cha maji asichokinywa. Kiharusi kilipomnyang'anya maneno kilimnyang'anya na haya. Hakuwa na akiba ya kupoteza kwa adabu.

"Haoni," alisema.

Watu wakajitia hamnazo.

"Macho... yake. Haoni."

"Pak Muryono ameshtuka," alisema Pak Sudarmin haraka. "Mwongezeni maji."

Bu Wartini aliwatazama. Ilimbidi awatazame mmojammoja, uso baada ya uso ndani ya lile bomba lake, na hakuna uso hata mmoja ulioshangaa. Wanawake walikuwa wamesimama milangoni, kila mmoja ameshika mtoto wake mkono. Walikuwa wamewashika kabla hajapiga honi. Ndipo akaelewa kwa nini kichochoro kilikuwa kitupu kila asubuhi akitoka. Alikuwa akijisifu kwamba Mungu anamfungulia njia. Kumbe injini yake ikiunguruma tu, akina mama wanaita watoto ndani, na hakuna aliyepata kumwambia neno. Ile siku ya king'ora ndiyo peke yake waliyochelewa. Aibu ilimpanda kama homa, na nyuma ya aibu ikaja hasira, na hakujua aielekeze kwa nani, maana wa kwanza kunyamaza alikuwa yeye.

Aliuchomoa ufunguo garini akamkabidhi Pak Sudarmin. Akaingia ndani akampigia mwanawe kabla mtu mwingine hajampigia.

"Prasojo, gari limeingia mtaroni."

"Baba yuko wapi?"

"Mzima. Na mimi mzima."

"Alhamdulillahi. Ule mtaro nao, Mama, kwa kweli—"

"Usiutaje mtaro."

Bu Wartini aliurudisha mlango wa chumba.

"Macho yangu ni mabovu, mwanangu. Siku nyingi."

"Najua, Mama."

Bu Wartini aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Tangu lini?"

"Lebaran ya mwaka juzi. Mama alimmiminia chai Mjomba, ikaenda mezani. Mama akacheka, sote tukacheka."

"Ndiyo maana ukaleta kioo."

"Niliomba kikubwa kuliko vyote dukani. Ili Mama aone."

"Ukamletea kipofu picha!" Alicheka, na kicheko kilimtoka vibaya. "Na mlio uliokuwa ukinisaidia ukaung'oa."

"Mlio gani, Mama?"

Hakujua. Mtoto wa watu hakujua. Alikuwa ametafuta kwa mapenzi yote njia ya kumsaidia bila kumtamkia, na kwa mapenzi yote akamziba masikio.

"Kwa nini hukuniambia waziwazi?"

"Ningeanzaje, Mama?"

"Basi anza leo. Niambie: Mama, usiendeshe tena. Nataka nisikie kwa kinywa chako."

Kwenye simu zilisikika pikipiki za Bekasi. Alimngoja. Aliisikia pumzi ya mwanawe ikiingia na kutoka, ikajiandaa, ikashindwa.

"Baba ameshakula?" aliuliza Prasojo.

"Prasojo."

"Nipo, Mama."

Bu Wartini alifumba macho. Kazi ya kumhukumu wamemwachia mwenyewe, wote, daktari, fundi, majirani, na sasa huyu aliyemzaa.

"Mama haendeshi tena," alisema. "Ufunguo nimeshautoa."

"Asante, Mama." Sauti ilikuwa imelowa.

"Lakini Bekasi siji. Nitatafuta kijana wa kumpeleka baba yako mazoezini Jumanne. Vitafunwa wateja watafuata hapahapa. Tutaishi. Sawa?"

"Sawa, Mama."

Sawa hiyo ilitoka upesi mno. Bu Wartini alikuwa amezitoa sawa za namna hiyo tangu utotoni. Alijua uzito wake, hazina hata wa karatasi.

"Usinipe sawa ya heshima, mwanangu. Leo nimechoka. Niambie ukweli, hata mmoja tu."

Safari hii Prasojo hakukwepa.

"Chumba chenu huku kimeshapakwa rangi, Mama. Tangu kabla ya mfungo. Kioo kilikuwa cha kungojea tu, mpaka Mama awe tayari."

Barazani Pak Muryono alikuwa anaulizwa na watu kama ana njaa, naye anajibu jambo jingine, na hakuna aliyengoja amalize. Bu Wartini alitazama ukuta wa chumba chake, kipande kile kidogo ambacho macho yake yalimkubalia.

"Rangi gani?" akauliza.

"Kijani. Ile Mama anayoipenda."

Hakupata kuipenda kijani hata siku moja. Ila Prasojo alipopata mshahara wake wa kwanza alimletea mama yake shali ya kijani, naye akaivaa hadi ikachujuka, akiwaambia watu mbele ya mwanawe kwamba duniani hakuna rangi kama hiyo.

"Nzuri sana, mwanangu," akasema.